Klachi ya otomatiki kwa pikipiki ya porini: kuchagua, kufunga na kupima

Pikipiki ya porini huzimika mahali pabaya: gurudumu la mbele limeshapanda jiwe, la nyuma limekwama kwenye mzizi, na mkono wa kushoto umechelewa nusu sekunde kubana liva. Klachi ya otomatiki huondoa tatizo hilo. Injini ikishuka hadi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini bila kuvuta mafuta, klachi inaachia yenyewe. Ukivuta mafuta, inashika yenyewe. Gia unaendelea kubadilisha kwa mguu kama kawaida, na kwenye vifaa vingi vinavyouzwa leo liva ya klachi inabaki pale pale na inafanya kazi wakati wowote ukiihitaji.

Wanunuzi wengi huhangaika na jina la kampuni na kusahau kitu kinachoamua kama klachi itadumu au itaungua wiki ya kwanza, nacho ni nafasi iliyobaki ndani ya pakiti ya pleti injini ikiwa sailensa. Ni nafasi ndogo, kiasi cha unene wa ukucha. Kuchagua, kufunga na kutunza klachi hii vyote vinaishia hapo, kwa hiyo tutairudia mara nyingi.

Hatua ya 1: Elewa kinachofanyika ndani

Klachi ya kawaida ni pakiti ya pleti zinazopishana. Pleti za msuguano zina meno kwa nje, yanayoingia kati ya vidole vya hausi, ile bakuli kubwa inayozungushwa na injini. Pleti za chuma zina meno kwa ndani, yanayoshika habu iliyofungwa kwenye shafti ya gia. Springi husukuma presha pleti, nayo inazikandamiza zote zigeuke kitu kimoja. Ukibana liva, presha pleti inainuka na pleti zinaachana.

Kwenye klachi ya otomatiki, injini ikiwa sailensa presha pleti haikandamizi chochote. Kuna nafasi. Inayoiziba ni nguvu ileile inayorusha matone ya maji nje ukizungusha ndoo kwa kasi: injini inapoongeza mzunguko, vipande vizito vilivyo ndani ya klachi vinakimbilia nje, na kwa kukimbia huko vinasukuma pakiti ibane.

Njia za kufanya hivyo ni mbili. Ya kwanza na ya zamani zaidi hutumia gololi zilizowekwa ndani ya presha pleti maalumu. Mzunguko ukipanda, gololi zinapanda mteremko mdogo na kuisukuma pleti mbele. Ya pili hutumia pleti moja inayotanuka, inayokaa katikati ya pakiti kama pleti nyingine yoyote. Ndani yake kuna kabari ndogo za chuma. Zinaposukumwa nje, pleti inanenepa na kuziba nafasi. Rekluse, kampuni ya Boise, Idaho, Marekani, iliyoanza mwaka 2002, imetengeneza aina zote mbili: z-Start Pro ni ya gololi, na vifaa vyenye jina EXP ni vya pleti inayotanuka. Kwa pikipiki nyingi za sasa za enduro (mbio ndefu za porini) na motokrosi (mbio za uwanja wa vumbi) utakutana zaidi na aina ya pili, na ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu anayeanza, kwa sababu kuirekebisha ni rahisi na liva inabaki na hisia ya kawaida.

Usichanganye klachi hii na vitu vinavyofanana nayo kwa jina. Klachi ya kuteleza, iliyotengenezwa kupunguza mshtuko unaposhusha gia kwa kasi, haizuii injini kuzimika. Honda Super Cub ya mwaka 1958 na pikipiki za watoto kama Honda CRF110F zina klachi ya mzunguko kutoka kiwandani, bila liva kabisa. Hizo hazihitaji kifaa unachosoma hapa. Na mfumo wa DCT wa Honda ni giaboksi nzima ya klachi mbili. Hakuna kifaa cha kununua kitakachoigeuza pikipiki ya kawaida kuwa hivyo.

Hatua ya 2: Pima unachopata na unachopoteza

Faida inaonekana kwenye njia za polepole: mawe, mito, mizizi, kona za kujikunja msituni, na vilima ambavyo lazima uanzie katikati. Inamsaidia pia mwenye kiwiko au kifundo cha mkono kinachouma, na anayetaka kuweka breki ya nyuma mkononi, jambo tutakalolifikia. Kama wewe huendesha barabara ndefu za vumbi kwa gia ya 5 siku nzima, fedha yako itafanya kazi zaidi kwenye matairi na shokabzoba.

Hasara ni tatu, na zote ni lazima uzikubali kabla ya kulipa.

Kwanza, pikipiki haitawaka kwa kusukumwa. Injini isipozunguka, klachi haijashika, hivyo gurudumu la nyuma haliwezi kuizungusha. Kama pikipiki yako haina kiki na inategemea stata pekee, betri nzima si anasa tena. Beba kianzishi kidogo cha betri kwenye begi.

Pili, gia haishikilii pikipiki iliyozimwa. Ukiiegesha mlimani ikiwa kwenye gia ya kwanza, itateremka kana kwamba iko fri. Iegeshe kwa kuikinga na mti au kwa kuigeuza ikabili kilima, au funga liva ya breki ya mbele kwa mkanda.

Tatu, na hii ndiyo inayowashtua watu, ni breki ya injini kwenye mteremko, yaani injini kuipunguza kasi pikipiki ukiachia mafuta. Ukiwa na mwendo wa kutosha, gurudumu linaendelea kuizungusha injini juu ya sailensa na breki ya injini ipo. Mwendo ukipungua hadi injini ikaribie sailensa, klachi inaachia, na ghafla unateremka bure kama baiskeli. Dawa ni kuvuta mafuta kidogo mara moja, klachi ishike tena, kisha uachie. Watu huzoea haraka, lakini siku ya kwanza usiende kujifunzia kwenye mteremko mkali. Na injini ikizimika mteremkoni, gia haitakusaidia hata kidogo: unabaki na breki mbili tu. Kabla ya kununua klachi, hakikisha breki ya nyuma ina pedi nene na haidroliki isiyo na hewa.

Hatua ya 3: Hakikisha kifaa ni cha injini yako, si cha jina la pikipiki yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pikipiki mbili za jina moja na ukubwa mmoja, zilizopishana mwaka mmoja tu, zinaweza kuwa na klachi tofauti kabisa. KTM, kwa mfano, ilihamisha injini zake kadhaa kutoka springi za koili kwenda springi moja ya diafragma, katika mfumo inaouita DDS. Kifaa cha koili hakiingii kwenye DDS, hata kama tangi na stika vinafanana.

Kabla ya kuagiza, andika kwenye karatasi mambo haya: kampuni, modeli kamili na mwaka wa modeli (si mwaka ulionunua), namba ya chesisi, ambayo muuzaji anaweza kuitumia kuthibitisha mwaka, kama springi ni za koili na ni ngapi, au ni diafragma moja, kama klachi inavutwa kwa waya au kwa haidroliki, na kama ni haidroliki, ni ya kampuni gani, na idadi ya pleti za msuguano na za chuma zilizomo sasa.

Kama pikipiki ni ya mkono wa pili, fungua kifuniko uone kwa macho. Mmiliki wa kwanza anaweza kuwa alibadilisha habu au hausi bila kukwambia. Kwa mfumo wa haidroliki angalia pia aina ya majimaji: baadhi ya mifumo, kama mingi ya Magura, hutumia mafuta ya madini, na mingine hutumia majimaji ya breki ya DOT 4. Ukiweka kimoja mahali pa kingine, sili zinavimba na liva inakufa. Maandishi yako juu ya kifuniko cha tangi dogo la liva.

Hatua ya 4: Chagua kiwango

Vifaa vinauzwa kwa viwango, na bei hupanda kwa kufuata kiasi cha sehemu za kiwandani zinazotolewa.

Kiwango cha chini ni pleti inayotanuka na vitu vichache vya kuizunguka, vinavyoingia kwenye habu na hausi zako za asili, pamoja na pleti zako za msuguano. Kinafaa kama klachi iliyomo ni nzima na wewe ni mwendeshaji wa kawaida. Sharti lake ni kwamba hausi isiwe na makovu, maana kifaa kipya kwenye hausi iliyoliwa ni pesa ya bure.

Kiwango cha kati huleta pakiti nzima ya pleti pamoja na pleti inayotanuka. Kwenye RadiusX ya Rekluse, pleti za msuguano ni nyembamba kuliko za asili, kwa hiyo zinaingia nyingi zaidi mahali palepale, na uso wa kushikia unaongezeka. Kiwango hiki ndicho tunachomshauri mtu mwenye injini ya cc 250 hadi 350 anayeendesha kila wiki. Hakuna kubahatisha uchakavu wa pleti za zamani, na vipimo vyote vinaanzia kwenye vitu vipya.

Kiwango cha juu huongeza habu mpya, presha pleti mpya, na kwa pikipiki za haidroliki mara nyingi silinda ndogo ya klachi yenye skrubu ya kurekebishia. Skrubu hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha: unarekebisha nafasi kwa kuigeuza kutoka nje, bila kufungua kifuniko. Kwa injini ya cc 450 na zaidi, kwa mwendeshaji mzito, au kwa anayeingia kwenye mashindano ya enduro ngumu, anzia hapa.

Kama muuzaji anakupa kifaa kilichotumika, uliza mambo mawili tu: kimo cha pakiti kwa vania (kifaa cha kupimia sehemu za milimita), na rangi ya pleti za chuma. Pleti yenye madoa ya bluu imepata joto la kupita kiasi na huenda imepinda. Ilaze juu ya kioo, na jaribu kuingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake kuzunguka pembeni. Ikipita geji ya milimita 0.15, hiyo si pleti tena.

Hatua ya 5: Nunua na vifaa vya pembeni siku hiyohiyo

Kifuniko kikishafunguka hutaki kugundua gasketi imechanika. Pata gasketi ya kifuniko cha klachi, oili, gundi ya nyuzi za bolti ya nguvu ya kati kama kijitabu cha kifaa kinaitaka, kifaa cha kuzuia habu isizunguke, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm) inayopima vizuri kuanzia Nm 5, na mpira mwembamba wa kufungia noti. Huo mpira wa mwisho ndio utakaokupa kipimo muhimu kuliko vyote.

Oili iwe na alama ya JASO MA au MA2. Kipimo hicho cha Japani kilianzishwa mwaka 1998 kwa sababu oili za magari zilikuwa zinazidi kuwekewa viungo vya kupunguza msuguano, na viungo hivyo huifanya klachi inayooga kwenye oili iteleze. Alama ya MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, iache. Kwa injini za mipigo miwili oili ya giaboksi ni ya peke yake, nyingi huchukua chini ya lita 1, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania kuibadilisha.

Hatua ya 6: Kufunga

Kwenye pikipiki nyingi za porini klachi iko upande wa kulia. Funga bomba la mafuta, laza pikipiki kwa upande wa kushoto juu ya gunia au tairi la zamani, na oili itabaki ndani bila kumwagwa. Osha kuzunguka kifuniko kabla ya kugusa bolti ya kwanza. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye pakiti hukwangua pleti zote.

Loweka pleti mpya za msuguano kwenye oili ileile utakayoweka kwenye injini. Vijitabu vingi vinataka angalau dakika 5. Sisi tunaona ni bora ziloweke muda wote unaofanya kazi nyingine. Pleti kavu huungua uso mara ya kwanza inaposhika, na haiponi tena.

Toa springi kwa kulegeza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, toa presha pleti, kisha vuta pakiti. Zipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka na upige picha. Angalia pleti ya msuguano ya ndani kabisa: kama ni nyembamba kwa upana kuliko nyingine, nyuma yake kuna washa na springi bapa ya kuzuia mtetemo. Vifaa vingine hutaka viondolewe, vingine vibaki. Kusahau washa hizo ndani ni kosa la kawaida sana, na matokeo yake ni pakiti yenye kimo kisicho sahihi tangu mwanzo.

Pitisha ukucha kwenye vidole vya hausi. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, pleti nazo zitanasa humo: hazitatelezea ndani na nje kwa uhuru, na klachi itaburuta, yaani haitaachia kabisa, hata nafasi ikiwa sahihi. Mikwaruzo midogo inaondoka kwa tupa laini. Mifereji mirefu inamaanisha hausi mpya, au kifaa chenye vifuniko vya chuma vinavyovaa vidole vya hausi.

Kama kifaa kinabadilisha habu, nati ya katikati itatoka kwa nguvu nyingi. Tumia kifaa cha kuzuia habu. Bisibisi iliyochomekwa kati ya meno hupasua alumini, na vipande vyake vinaishia kwenye gia. Washa ya kukunja iwe mpya, na torki ifuate kitabu cha pikipiki yako.

Sasa panga pakiti kama mchoro wa kifaa unavyoonyesha, pleti inayotanuka ikiwa kwenye nafasi yake kamili. Usibadilishe mpangilio kwa mazoea ya klachi ya zamani. Pleti za chuma kwenye kifaa huja na unene tofauti makusudi: kwa kubadilisha moja nyembamba kwa nene, unabadilisha kimo cha pakiti kwa sehemu ya kumi ya milimita au mbili, na hivyo kubadilisha nafasi. Anza na mpangilio wa kijitabu. Pima kimo kwa vania sehemu tatu kuzunguka na uandike namba ndani ya jalada la kijitabu. Miezi sita baadaye utaihitaji.

Kaza bolti za springi kwa kupishana, hatua mbili au tatu. Bolti za milimita 6 kwenye alumini hukatika kirahisi; nyingi huishia karibu na Nm 10, lakini fuata kitabu. Rudisha kifuniko, inua pikipiki, subiri oili iteremke, na uangalie kiwango chake kabla ya kuwasha.

Hatua ya 7: Kipimo cha mpira

Hapa ndipo kazi yote inapojulikana kama imefaulu. Usiendeshe hata mita kumi kabla ya kufanya kipimo hiki.

Weka pikipiki kwenye stendi, iko fri, na uiwashe hadi ipate joto la kazi. Oili baridi ni nzito na itakudanganya. Weka sailensa ya kitabu. Injini nyingi za mashindano za mipigo minne zinatulia kati ya mizunguko 1,800 na 2,000 kwa dakika. Nyoosha mpira wa noti kutoka ncha ya mshiko wa kushoto hadi kwenye liva ya klachi, kiasi cha kuondoa ulegevu wa liva bila kuibana. Sasa piga resi ya haraka hadi kama 5,000 na uiangalie liva.

Liva inapaswa kuingia ndani kidogo, kuelekea usukani, resi inapopanda, kisha irudi nje injini inaposhuka. Unachokiona ni pleti ikitanuka: imeshaziba nafasi yote na sasa inaisukuma presha pleti nyuma dhidi ya springi, na kwa kuwa presha pleti imesogea, liva imepata ulegevu mpya. Kiasi kinachotafutwa kwa kawaida ni kama milimita 3 ukipima karibu na egemeo la liva; kwenye ncha yake utaona mwendo mkubwa zaidi. Kijitabu cha kifaa chako ndicho chenye neno la mwisho.

Liva isiposogea, au ikisogea kidogo tu, nafasi ni kubwa mno. Pleti inatanuka hadi mwisho wake bila kuzikandamiza nyingine kwa nguvu kamili. Ukiendesha hivyo klachi itateleza, na itaungua kwa dakika, si kwa miezi. Punguza nafasi: geuza skrubu kidogo kama ipo, au weka pleti ya chuma nene zaidi.

Liva ikiingia sana, nafasi ni ndogo mno. Pleti zinagusana hata kwenye sailensa, pikipiki inajivuta ikiwa kwenye gia, na kwenye jiwe itazimika, yaani umenunua kifaa na tatizo limebaki palepale. Ongeza nafasi kwa njia ya kinyume.

Rekebisha kidogo, pima tena. Mara tatu au nne si nyingi.

Kisha kipimo cha gia. Uso wa pikipiki uwe na eneo wazi mbele, breki ya mbele imebanwa, liva ya klachi imebanwa. Ingiza gia ya kwanza na uachie liva polepole injini ikiwa sailensa. Pikipiki inapaswa kutulia, au kuvuta kidogo sana kiasi cha kuzuiliwa na kidole kimoja kwenye breki. Ikiruka, rudi kwenye nafasi.

Hatua ya 8: Kuizoesha

Pikipiki ikiwa fri na yenye joto, piga resi kutoka sailensa hadi 5,000 mara 10, kila mara ukiiacha ishuke kabisa. Hii inakalisha kabari kwenye njia zake. Halafu, mahali pa tambarare, ondoka kwa gia ya kwanza mara 10 kwa kuvuta mafuta taratibu bila kugusa liva, na mara kadhaa kwa gia ya pili. Rudia kipimo cha mpira. Mara nyingi utakuta kimebadilika kidogo, kwa sababu pleti mpya zimekaa. Irekebishe sasa, kabla ya safari ya kwanza.

Hatua ya 9: Chagua mzunguko wa kushika

Vifaa vingi vya pleti inayotanuka vinakuja na springi ndogo za nguvu tofauti, zilizotofautishwa kwa rangi, na jedwali linaloonyesha mchanganyiko wa kushika chini, katikati au juu. Springi nyepesi huziachia kabari mapema, hivyo klachi inashika kwenye mzunguko wa chini: kuondoka ni kwa upole, breki ya injini inakaa muda mrefu zaidi, na joto ni dogo. Springi ngumu huchelewesha kushika, injini inapata nguvu kwanza, na pikipiki inaondoka kwa mshindo, lakini pleti zinateleza zaidi kila unapoondoka.

Mwanzo mzuri kwa watu wengi ni katikati. Kama unaendesha injini kubwa yenye nguvu chini, shusha. Panda juu tu kama injini ni ndogo ya mipigo miwili inayozimika kwa kukosa pumzi. Badilisha springi zote za seti kama jedwali linavyosema. Kuchanganya kwa kubuni hufanya pleti itanuke upande mmoja.

Kuendesha nayo

Klachi ya kawaida hukuonya ukiwa kwenye gia kubwa mno: injini inagonga, inatetemeka, inazimika. Klachi ya otomatiki haikuonyi. Inateleza tu, inapika pleti, bila wewe kuhisi chochote. Kupanda kilima cha polepole kwa gia ya 3 ndiko kunakoua klachi hizi kuliko kitu kingine chochote. Tumia gia ya 1 na ya 2 kwenye mawe, na kama ya kwanza ni ndefu mno, weka sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu, kwa mfano kutoka 13 hadi 12. Ni kitu cha bei ndogo na kinarefusha maisha ya pakiti nzima.

Zima injini kila unaposhuka kuisukuma au kuiinua. Pikipiki yenye klachi hii inaweza kukaa kimya kwenye gia ikiunguruma, ukasahau kabisa kwamba iko kwenye gia. Ukishika usukani kuivuta, kiganja kikazungusha mshiko wa mafuta, inakurukia. Kwenye matope, na watu wawili wakiisaidia, hapo ndipo vidole vinaponaswa kwenye cheni. Iwe ni desturi: miguu chini, swichi imezimwa.

Breki ya nyuma ya mkono wa kushoto ni nyongeza inayoendana vizuri na klachi hii. Mguu wa kulia ukiwa chini kushikilia mizani, bado unaweza kufunga gurudumu la nyuma. Ukiiweka, acha liva ya klachi kwa miezi ya kwanza hata kama kifaa kinaruhusu kuiondoa.

Mambo yanapoharibika

Pleti zinapolika, pakiti inapungua kimo na nafasi inaongezeka. Ndiyo maana klachi iliyofungwa vizuri inaweza kuanza kuteleza baada ya muda bila mtu kuigusa. Fanya kipimo cha mpira kabla ya kila safari, dakika moja tu, injini ikishapata joto. Mwendo wa liva ukianza kupungua, rekebisha siku hiyo; ukiahirisha, utelezaji utaleta joto, joto litaongeza uchakavu, na nafasi itakua haraka zaidi.

Harufu kali kama ya breki iliyoungua, na oili iliyogeuka kijivu au nyeusi ndani ya saa chache, zote zinasema pleti zimepikwa. Usiongeze oili ukaendelea. Fungua uangalie.

Kama inajivuta tu ikiwa baridi na kutulia ikipata joto, tatizo huenda ni oili nzito, si nafasi. Kama inajivuta ikiwa ya moto lakini ilikuwa nzuri asubuhi, angalia sailensa kwanza, kisha vidole vya hausi, kisha pleti za chuma juu ya kioo. Na kama liva ya haidroliki inasogea ovyo, kipimo cha mpira kikitoa jibu tofauti kila mara, toa hewa kwenye mfumo kabla ya kugusa skrubu yoyote; haiwezekani kupima sehemu za milimita kupitia mapovu.

Injini ikiendelea kuzimika ingawa mwendo wa liva ni sahihi, chunguza kabureta au mfumo wa mafuta. Sailensa inayoyumba, ikishuka ghafla unapoachia mafuta, itazima injini yoyote, na hakuna klachi itakayoiokoa.